Nimekariri maneno 900 ya Kiingereza, mbona hayatumiki?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, ni mkaguzi wa ndani wa hesabu, naishi Dodoma. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, Kiingereza cha kufundishiwa nikakikuta kidato cha kwanza kama wengi wetu. Nataka kuomba nafasi ya shahada ya uzamili Uingereza. Mtihani wa IELTS, ule wa kimataifa wa kupima Kiingereza, nimeufanya mara moja, upande wa kuandika nikapata 6 na chuo kinataka 7. Nitaurudia baada ya miezi 5. Niliambiwa tatizo ni msamiati, nikapakua kwenye simu orodha ya maneno magumu, na nimeshakariri kama 900. Lakini nikiandika hayaji, na yakija, mkuu wa kitengo changu huyakata kwa kalamu nyekundu. Hii hapa ni sentensi aliyoikata wiki iliyopita: "The company utilized a plethora of methods to ameliorate the deficit." Nimekosea wapi? Na nifanyeje nipate msamiati wa juu kweli kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu.

Sentensi yako haina kosa la sarufi, na nadhani ndiyo maana umeumia kuiona imekatwa. Kasoro yake ni kwamba imekutanisha maneno yasiyojuana. "Plethora" ni wingi uliopitiliza mpaka ukawa kero. Zamani lilikuwa neno la matabibu, wakilitumia kwa mgonjwa waliyemdhania ana damu nyingi kupita kiasi mwilini. Kampuni yenye njia nyingi za kupunguza nakisi haina kero, ina neema. "Ameliorate" ni kuipa nafuu hali mbaya, kama mateso ya wakimbizi au maisha ya wafungwa. Nakisi ni tarakimu, na tarakimu hupungua au huongezeka, haipati nafuu. Na "utilized" hapo haifanyi kazi yoyote ambayo "used" ingeshindwa kuifanya.

Mimi ningeandika hivi: "The company took several measures to narrow the deficit, but none proved sufficient." Kipande cha mwisho nimekiongeza kwa kudhani kwamba nakisi bado ipo. Sasa ipitie neno kwa neno: "took", "several", "measures", "narrow", "proved", "sufficient". Yote unayajua tangu sekondari, hakuna hata moja lililohitaji ile orodha ya 900. Hata hivyo mtahini ataiweka juu ya sentensi yako, kwa sababu kila neno limekaa na mwenzake wa siku zote. Hatua huchukuliwa, kwa Kiingereza kama kwa Kiswahili. Nakisi hufinywa. Kitu kilichojaribiwa lakini hakikutosha husemwa kwamba "did not prove sufficient". Ukiniuliza msamiati wa juu ni nini, nitakuonyesha sentensi ya namna hiyo kabla sijakutajia neno lolote geni.

Na watahini wenyewe wameliandika. Uandishi katika IELTS husahihishwa kwa vigezo 4 vyenye uzito sawa, na msamiati ni kimojawapo, yaani robo nzima ya alama. Maelezo ya alama ya 6 yanamtaja mtu anayejaribu maneno yasiyo ya kawaida lakini huyakosea. Ya alama ya 7 yanamtaja anayeyatumia huku akionyesha kwamba anatambua mtindo na maneno yanayoambatana. Weka maelezo hayo mawili kando ya sentensi yako na utaona umesimama wapi. Umbali uliobaki ni mfupi kuliko unavyoogopa, ila barabara uliyoshika inaelekea kwingine.

Barabara iliyo sahihi umeshaipita mara moja bila kujua. Mtu wa kawaida ukimtajia "qualified" atafikiria mwenye sifa, aliyehitimu, jambo la heri. Wewe ukisikia "qualified opinion" unajua palepale kwamba ni hati yenye shaka, ile anayoitoa mkaguzi akikuta hesabu zina kasoro. Na "unqualified opinion", ambayo sikioni mwa mgeni ni kama lawama, kwako ndiyo hati inayoridhisha ambayo kila mkurugenzi wa halmashauri huiombea. Nani alikukaririsha hayo kwenye simu? Hakuna. Ulilikuta neno darasani, ukalikuta kwenye ripoti za wenzako, ukaliandika mwenyewe ukarekebishwa, mwaka uliofuata ukalikuta tena likiwa na majirani walewale. Leo huwezi kulikosea hata ukiamshwa usingizini. Kwa hiyo msamiati wa juu wa Kiingereza unao tayari, katika uwanja mmoja. Ninachokuomba ni uutanue kwa njia ileile iliyokuingizia "qualified opinion".

Nianze na wenzi wa neno, maana hapa ndipo nimeona wanafunzi wengi wazuri wakikwama. Mfikirie mgeni anayejifunza Kiswahili. Amekariri kwamba kupiga ni kutandika kwa mkono au fimbo. Halafu anatusikia tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga hodi, tunapiga magoti, tunapiga chafya. Akituambia "nimefanya simu" tutamwelewa, lakini tutajua ametoka mbali. Na sisi tukiingia kwenye Kiingereza tuko vilevile. Simu kwao ni "make", kura ni "cast", kupiga magoti kumekuwa kitenzi kimoja tu, "kneel". Au chukua kula. Kiapo sisi tunakula, wao "take". Njama tunakula, wao "hatch", kama kuku anavyoangua mayai. Hasara tunakula, wao "suffer", na kwenye vitabu vya hesabu "incur". Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wale linaotembea nao. Kwa mtu aliyekulia ndani ya "piga" na "kula", hilo halihitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo acha kuandika kwenye daftari "incur" halafu alama ya sawasawa halafu neno moja la Kiswahili. Andika "incur a loss", "incur costs", "incur a debt", "incur a penalty", na chini yake sentensi moja nzima uliyoikuta mahali, pamoja na mahali penyewe. Ukishaandika mifano minne hiyo utaona jambo ambalo hukuambiwa: "incur" hufuatwa na mabaya. Hakuna mhasibu anayeandika "incur a profit". Ujuzi wa namna hii huwezi kuupata kwenye orodha ya maneno 900 yaliyopewa maana moja moja.

Angalia pia pale ambapo neno letu moja kwao limegawanyika. Kosa, kwa mfano. Kosa la kujumlisha ni "error", kosa la kuamua ni "mistake", kosa mbele ya sheria ni "offence", kosa lililo ndani ya mashine ni "fault". Usalama wa mfanyakazi asidondoke jengoni ni "safety", usalama wa ghala lisivunjwe ni "security". Haki unayodai ni "right", haki itakayotendeka mahakamani ni "justice". Mtu anayefikiri kwa Kiswahili huteleza hasa hapa, kwa sababu kichwani mwake maneno hayo ni kitu kimoja. Fungua kurasa tano za mwisho za daftari kwa ajili ya makundi haya tu, uyajaze polepole.

Baada ya wenzi, uzito. Kiingereza kina tabaka, na historia inaeleza kwa nini. Mwaka 1066 Wanormani walivuka kutoka Ufaransa wakaitwaa Uingereza, na kwa karibu miaka 300 Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala na mahakama. Sheria ya kuamuru kesi ziendeshwe kwa Kiingereza ilipitishwa mwaka 1362. Muda wote huo Kilatini kilikuwa lugha ya kanisa na wasomi. Hivyo jambo moja likabaki na majina mawili au matatu: "ask" la kienyeji, "question" lililokuja na Kifaransa, "interrogate" la Kilatini. Kadiri unavyopanda, neno linakuwa rasmi zaidi, na baridi zaidi. Kiswahili tunayo ngazi kama hiyo: mtu, binadamu, insani. Hutasema "kuna insani mlangoni anakuulizia". Hujawahi kukatazwa, masikio yako yanakataa yenyewe. Na "plethora" katika taarifa ya kawaida ya ofisini ni insani aliyesimama mlangoni. Katika uandishi wa kitaaluma ngazi ya katikati ndiyo inayokutosha mara nyingi: "investigate" badala ya "look into", "postpone" badala ya "put off". Ukiwa kwenye mahojiano ya mdomo, shuka ngazi moja bila hofu.

Uzito una upande mwingine, rangi. Hili nililipata kwa uchungu. Nikiwa kijana natafuta kazi ya kwanza, daftari langu lilikuwa limeandikwa "notorious" kuwa ni maarufu. Nikaandika barua ya maombi nikisema kwamba shuleni kwetu nilikuwa "notorious for hard work". Sikuitwa. Sijui kama ni kwa sababu ya neno hilo, lakini miaka kadhaa baadaye nilipolikuta kwenye gazeti likielezea genge la majambazi, nilikaa kimya kwa muda mrefu. "Famous" anasifiwa, "renowned" anaheshimiwa kwa kazi yake, "notorious" anajulikana kwa ubaya. Wote ni maarufu. Hali ni hiyohiyo kwa "thrifty", anayetunza fedha kwa busara, na "stingy", bahili. Neno jipya usilitumie kuandika mpaka umelikuta mara tatu kwenye maandishi ya watu wengine na kila mara ukajiuliza: mwandishi anasifu, analaumu, au anaeleza tu?

Sasa, maneno yapi? Ile orodha yako ifute. Kuna orodha moja ninayoiamini kwa mtu anayekwenda chuo, na ilitengenezwa na Averil Coxhead wa New Zealand, ikachapishwa mwaka 2000. Alikusanya maandishi ya kitaaluma ya maneno yapata milioni 3.5 kutoka sanaa, biashara, sheria na sayansi, akaondoa yale maneno 2,000 ya kawaida kabisa, akatafuta yanayojirudia katika nyanja zote. Alipata koo 570. Nasema koo kwa sababu alihesabu ukoo mzima kama kitu kimoja, kama sisi tungehesabu andika, mwandishi, maandishi, andiko na andikisha mara moja. Koo hizo 570 zinabeba karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma, yaani neno moja katika kila kumi. Yaliyo kwenye kundi la kwanza ni kama "assess", "assume", "consistent", "derive", "indicate", "significant". Utasema unayajua. Basi jaribu kuandika sentensi yenye "consistent with", nyingine yenye "consistent in", na nyingine yenye "inconsistency", kisha uniambie kama mkono haukusita.

Unapolichukua neno, lichukue na ukoo wake, kwa uangalifu, maana ndugu hawafanani tabia. "Economic" ni ya uchumi, "economical" ni isiyotumia kingi. "Industrial" ni ya viwanda, "industrious" ni mchapakazi. "Considerable" ni kubwa, "considerate" ni mtu anayejali wengine. Na kila ndugu mtamke kwa sauti. Kiswahili mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu daima, kwa hiyo hatujafunzwa kuutafuta. Kiingereza mkazo huhama ndani ya ukoo mmoja: A-nalyse, a-NA-lysis, ana-LY-tical. Neno usiloweza kulitamka utalikwepa kwenye mahojiano hata kama unalijua, na wewe bila shaka utaulizwa kuhusu "analysis".

Kusoma ndiko kutakakokujaza, na hapa nina pendekezo linalokufaa wewe hasa. Ripoti kuu za mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na zinapatikana bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Mambo yake unayaelewa tayari, kwa hiyo akili yote itabaki kwa lugha. Chagua aya moja ya Kiingereza yenye sentensi nne au tano. Itafsiri kwa Kiswahili chako, bila kuchungulia ile ya Kiswahili. Funga, kaa siku mbili. Kisha chukua Kiswahili chako ukirudishe kwa Kiingereza, halafu weka kando ya ile ya asili ulinganishe.

Nakupa mfano wa kutunga. Asili inasema: "Payments amounting to 40 million shillings were made without adequate supporting documents." Kwa Kiswahili umeandika: "Malipo ya shilingi milioni 40 yalifanyika bila nyaraka za kutosha za kuyathibitisha." Baada ya siku mbili unarudisha: "Payments of 40 million shillings were done without enough documents to prove them." Inaeleweka. Sasa hesabu ulichokosa: "amounting to", "were made" badala ya "were done", "adequate" badala ya "enough", na "supporting documents", ambayo wewe uliiandika kwa maneno manne. Sentensi moja imekupa mambo manne, na yote yamekuingia kwa sababu umetoka kuyatafuta na kuyakosa. Njia hii ni ya zamani. Roger Ascham, aliyemfundisha Elizabeth kabla hajawa malkia wa Uingereza, alimfundisha Kilatini na Kigiriki kwa kutafsiri na kurudisha hivihivi. Katika miaka yangu ya kufundisha sijaona zoezi lililowainua watu wazima haraka kuliko hili. Linachosha, na linachosha hasa wiki ya kwanza. Vumilia.

Usibaki kwenye ukaguzi peke yake, maana IELTS itakuuliza juu ya mazingira, elimu, miji, teknolojia. Kila wiki chagua mada moja nje ya kazi yako na usome makala tatu au nne juu ya mada hiyohiyo, kwenye The EastAfrican, The Citizen au BBC. Ukikaa na mada moja wiki nzima, maneno yake yatajirudia yenyewe. Ukirukaruka, kila siku utakutana na wageni. Na chagua maandishi yanayokutosha. Paul Nation, naye wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya bila msaada kunataka koo kama 8,000 au 9,000, kwa kipimo cha kuelewa maneno 98 katika kila 100. Chukua ukurasa wa maneno 300. Ukikutana na mageni zaidi ya sita, huo ni wa kuchambua taratibu na kamusi, siyo wa kusoma mfululizo.

Kamusi nayo iwe ya Kiingereza kwa Kiingereza, ya wanafunzi. Kamusi hizi zina asili ya darasani. A. S. Hornby alikuwa akifundisha Japani, akaona wanafunzi wake wanajikwaa wapi, na kamusi yake ikachapishwa Tokyo mwaka 1942. Ndiyo maana hueleza maana kwa maneno mepesi na kukuonyesha neno linaambatana na nini. Hiyo mifano ya sentensi ndiyo mali. Maana ya Kiswahili iangalie mwisho, kujihakikishia.

Kuhusu kusahau usijilaumu. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alikuta kwamba tunachokariri hupotea haraka sana saa za mwanzo, kisha kasi inapungua. Dawa ni kurudia kwa kuachanisha: kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki tatu. Boksi la viatu lenye vyumba vitano na kadi za karatasi linatosha, kama alivyoshauri Sebastian Leitner miaka ya 1970: kadi uliyoikumbuka inasogea chumba cha mbele, uliyoisahau inarudi cha kwanza. Ukipenda simu, programu ya Anki ni bure kwenye Android. Ila kadi isiwe na neno tupu. Upande mmoja andika "The company ______ heavy losses in 2019", upande wa pili "incurred".

Kwa miezi 5 uliyo nayo, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, koo 10 kwa wiki. Zitafika kama 200. Usikubali kuongeza hata ukijisikia una nguvu. Kila Jumamosi andika insha moja ya maneno 250 kwa dakika 40, ukitumia koo tano tu za wiki hiyo, zile zinazoingia bila kusukumwa. Na kalamu nyekundu ya mkuu wako usiikwepe. Mwombe, kila anapokata neno, aandike juu yake lile ambalo angelitumia yeye. Hayo yaingie kwenye daftari siku hiyohiyo, kwa wino wa rangi nyingine.

Leo anza na aya moja ya ripoti, sura ya hati za ukaguzi, kwa sababu maneno yake umeyazoea. Ukishazirudisha aya tatu kwa Kiingereza, niletee ya tatu pamoja na ya asili, nikusomee.